Honi Mbili za Gairo

Uvumi wenyewe ulikuwa huu: kwamba kuna mtoto wa Kihonda aliyeingia Jumba la Magari akiwa na miaka kumi na miwili, akatoka ana sitini. Si sura. Sura ilikuwa ile ile ya mtoto. Walisema ni namna alivyoshuka ngazi, ubavu ubavu, mkono mmoja kiunoni, akatema mate pembeni, akauliza chai iko wapi.

Niliusikia nikiwa kazini. Mimi ni msusi, kibanda changu kiko Msamvu, na kichwa nilichokuwa nacho siku hiyo kilikuwa cha Mwasiti, jirani yangu. Mwasiti hajawahi kufikisha habari ikiwa ndogo kama alivyoipokea.

"Mama Sikitu, nakwambia nilichoambiwa."

"Na aliyekuambia aliona?"

"Aliambiwa na aliyeona."

"Haya, inama nimalizie kisogo."

"Kejeli tu. Huyu si yuko la saba? Si ndio wanaopelekwa mwezi huu?"

Huyu alikuwa Sikitu, binti yangu, miaka kumi na mitatu, aliyekuwa upande wa pili wa kichwa hicho hicho. Sikitu alikuwa akisuka bila kutazama. Vidole vinakwenda, macho yako barabarani, mdomo unaimba. Wateja wengine walikuwa wakimtaka yeye, si mimi.

"Shangazi, magari hayali watu," alisema, akacheka. Alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo na mgongo wa kiganja, tangu meno ya utotoni yalipoanza kung'oka. Meno yalirudi, kiganja kikabaki.

"Sijasema yanakula," Mwasiti alimjibu. "Nimesema yanaacha."

Uvumi ule ulininasa kama gundi ya nywele za bandia. Unadhani umenawa, kumbe uko kwenye kucha. Mwalimu alipotafuta mzazi wa kuwasindikiza watoto, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

*

Kwa asiyefika Jumba la Magari, naeleza.

Ni ukumbi wenye nafasi kumi na mbili. Kila nafasi ni sahani ya chuma sakafuni, inazunguka polepole ili ulione gari pande zote bila wewe kuzunguka. Magari yote ni arobaini na nane. Kumi na mawili yako ukumbini, thelathini na sita yako ghalani nyuma. Kila baada ya miezi mitatu yaliyomo yanatoka, mengine yanaingia. Hiyo wanaiita zamu. Kwa hiyo gari likitoka, halirudi mpaka miezi tisa ipite.

Watoto wetu hawajawahi kuona usukani. Wanapanda kitu, wanataja wanakokwenda, wanasinzia. Watu waliojua kuendesha kwa mikono wamekwisha. Wale wa mwisho, kabla hawajafariki, walikalishwa kwenye magari yao ya zamani wakaendesha wiki nzima uwanjani, na magari yakayashika mazoea yao. Yanashikwa na ganda. Ganda ni utando wa kahawia, kama ule unaofunga juu ya maziwa yakipoa. Limevishwa usukani, kiti, gia na zile kanyagio tatu za miguuni.

Mtembezaji wetu alilisema jambo hili taratibu, nami nikalishika. Mazoea si kumbukumbu. Kumbukumbu ni kitu unachoweza kusimulia. Mazoea ni kile mwili unachofanya huku wewe unawaza mengine. Ganda halijui jina la dereva wala la mkewe. Linajua tu kwamba kwenye kona hii mkono wake ulikuwa ukilegea.

Tulifika siku ya zamu. Watoto waliruhusiwa kukaa kwenye magari yaliyokuwa yanatoka, mmoja mmoja, kabla hayajawashwa. Palikuwa na Landrova ya misheni, palikuwa na lori lenye pua ndefu, na palikuwa na Pijo 404 nyeupe, ile yenye mgongo mrefu, iliyobeba abiria kutoka Morogoro hadi Kongwa miaka thelathini na nane. Kibao kilisema dereva wake ni marehemu Mzee Ngulumbi.

Mimi nilikuwa kwenye Landrova, nabishana na mhudumu kama maganda yale yanafutwa mtu mmoja akishuka kabla mwingine hajakaa. Niliogopa upele. Hicho ndicho nilichoogopa.

Nikasikia sauti ya mzee kutoka kwenye ile Pijo.

"Aaa. Safari ndefu, mjukuu wangu. Nimechoka. Mzigo huu wote nimekuja nao peke yangu."

Na sauti ya Sikitu: "Shikamoo, babu. Pole na safari. Lete nikupokee."

Mwalimu alinigeukia. "Huyo ni wako?"

"Ni wangu."

Nilijisikia vizuri. Nimemfundisha mwenyewe tangu ulimi wake haujanyooka. Mtu mzima akija na mzigo, hata kama ni ndoo tupu, hata kama humjui, unainuka na kusema nikupokee. Watoto waliotangulia walikaa kiti kile kile, wakasikia sauti ile ile. Mmoja alisema "mambo", wengine walicheka tu.

"Marahaba," Pijo ikajibu.

Sikitu alishuka. Alijifuta viganja kwenye sketi, mbele na nyuma. Kisha geti likafunguliwa, magari kumi na mawili yakaunguruma, yakazunguka uwanja mara mbili yenyewe, usukani ukikata kona bila mtu. Kwenye Pijo alikuwamo bibi mmoja, kwenye kiti cha kushoto, na mkoba mapajani. Yote yalitoka vizuri isipokuwa Pijo. Ilitoka kama gari linaloburutwa, ikazimika mara mbili mlangoni. Mafundi wakaisukuma kwa mikono.

*

Siku ya pili, tukila, niliona mguu wake wa kushoto. Kila mkono wake wa kushoto uliponyanyuka kuchukua bilauri, mguu ule ulikanyaga sakafu, ukatulia, ukaachia taratibu.

"Mguu una nini?"

"Upi?"

"Huo unaopiga sakafu."

Alitazama chini kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani.

Siku ya tatu nilikuta jiwe nyuma ya kigoda uani. Ua wetu una mteremko kidogo.

"Nani kaweka jiwe hapa?"

"Mimi. Kisirudi nyuma."

"Kigoda?"

Tulitazamana. Tukacheka wote wawili, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Alikuwa amerusha kichwa nyuma, mdomo wazi, anapiga paja. Mkono haukwenda mdomoni.

Asubuhi, kabla ya shule, alianza kuizunguka nyumba mara moja. Polepole, ameinama, na kwenye kila pembe anaipiga teke dogo la kiatu. Mwasiti aliliona hilo kutoka dirishani kwake.

"Mama Sikitu! Mwanao anakagua matairi ya nyumba!"

"Nimeona."

"Na upepo upo?"

Nilimtazama Sikitu akimaliza pembe ya mwisho. Naye hakurudia. Mwasiti ana mdomo, lakini ana macho pia.

Jumamosi tulikuwa na mteja wa nywele ndogo ndogo. Sikitu aligawa nywele, akashika misokoto mitatu, akasimama.

"Mama, nimesahau unakwenda wapi."

"Nini?"

"Huu wa kulia. Najua unapita juu ya wa kati. Naweza kukueleza. Ila mkono haujui."

Nilimwonyesha. Akasuka mstari mmoja kwa shida kama mtoto wa miaka mitano. Baada ya chakula nikamwambia aendelee. Mkono ulikuwa umesahau tena. Vile vidole vyake vilikuwa vimeshika hewa, upande wa kushoto, mbele ya kifua, vinavuta kitu kuelekea kwake na kukishusha.

Nilimfunga mteja kitambaa, nikamwomba radhi, nikafunga kibanda.

*

Msimamizi wa Jumba anaitwa Bwana Mgaya. Ni mpole, na aliniamkia. Alinipa kiti. Nilikitazama kama kina ganda, nikasimama.

Alituwekea ile sauti. Tukasikiliza wote, yeye, mimi na Sikitu, mpaka kwenye "marahaba".

"Mama, gari halikumwomba chochote," alisema. "Naomba ulione hilo. Sheria ya kupokea inataka hiari, na hiari ni neno ambalo mtu hakuulizwa. Ukimuuliza mtu 'utapokea?' akasema ndiyo, huo si ushahidi, watu wetu husema ndiyo kwa kuona haya. Ndiyo maana gari linasema tu kwamba limechoka."

"Ana miaka kumi na mitatu."

"Mashine ilimpa ishirini na sita."

"Kwa kupima nini?"

Alivua miwani. "Kwa salamu. Watoto hawaamkii hivyo tena. Walipoitengeneza walipima watu elfu na kitu. Anayetoa shikamoo, akaongeza pole, akaomba kupokea, alikuwa mtu mzima. Haikosei sana."

"Imekosea mara ngapi?"

"Huyu ni wa tano."

Nikamfikiria yule mtoto wa Kihonda. Sikumuuliza.

Akatueleza. Ganda likikaa ghalani miezi tisa linakauka, na mazoea yanakufa ndani yake. Kwa hiyo kila gari linapotoka zamu, mazoea ya dereva hulazwa kwenye mwili wa mtu hai, hukaa humo na joto lake, na gari likirudi ukumbini mtu huyo anakuja kuyarudisha. Mtu mzima hadhuriki. Mazoea yake yana mizizi, mgeni anabaki sebuleni. Labda atakohoa kikohozi kisicho chake, au chumvi itamzidi, basi. Mtoto mizizi yake ni mifupi. Mgeni anaingia mpaka chumbani.

"Yanayotoka kwanza ni yaliyoingia mwisho," alisema. "Kusuka. Kucheka. Kuandika."

"Kisha?"

"Kisha yaliyokuwepo kabla ya hayo."

"Kama nini?"

"Hatujafika huko, mama. Na hatutaki kufika."

Kulikuwa na njia mbili. Kungoja miezi tisa mpaka Pijo irudi zamu. Au kumfuta. Glovu mbili zenye nyaya, dakika kumi, haiumi. Ila akifutwa, mazoea ya Mzee Ngulumbi hayaendi popote. Hayapo kwingine. Pijo itakuwa bati na rangi.

"Mfute sasa hivi," nikasema.

"Yana mwenyewe. Mjane wake yu hai, Bi Nyemo. Ni yule anayekaa kiti cha kushoto kila zamu. Bila neno lake siwezi."

"Nitakwenda kumwomba."

"Hapo ndipo pagumu." Aliirudisha miwani. "Ukimwomba, si hiari."

Sikitu akasema, "Kwa hiyo Mama anatakiwa aende akaseme amechoka."

Bwana Mgaya alifungua droo, akanipa kidude kidogo kama kifungo cha shati. Alisema kinasikia. Likitamkwa neno lenyewe, la kufuta, bila kuulizwa, kitawaka kijani.

*

Bi Nyemo alikuwa akiishi Mafiga. Mgogo wa Kongwa, mrefu, mkavu, hataki kushikwa mkono akiinuka.

"Mbukwenyi," alisema, nami nikaitikia kwa ninavyojua.

Kifungo nilikifunga kwenye pindo la khanga. Nilimweleza yote: sauti, salamu, vidole, jiwe la kigoda. Sikusema nimekuja kwa nini. Nilinyamaza, nikangoja. Ndivyo Pijo ilivyofanya, na nilijua.

Yeye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Sikitu, aliyekaa kwenye mkeka, bega moja limeshuka kidogo.

"Kaa hivyo hivyo," alimwambia. "Usijinyooshe." Kisha kwangu: "Mlete na kesho."

Nilimleta kesho yake. Nilimleta siku kumi na moja. Bi Nyemo alituwekea karanga, akauliza habari za shule, akatazama. Siku moja Sikitu alijikuna sikio kwa kidole kidogo, yule bibi akaenda ndani na kukaa huko kitambo. Kila siku nilirudi na kifungo kimya. Mwandiko wa Sikitu uliondoka siku ya sita. Siku ya tisa hakujua kufunga vifungo vya blauzi yake kuanzia chini, kama alivyokuwa akivifunga siku zote. Nilikuwa namwona akipungua kwa vitu vidogo, na nilishindwa kusema mbele ya yule bibi kwamba kinachomfurahisha ndicho kinachommaliza mwanangu. Nilimwonea huruma. Na sheria ilinifunga mdomo. Sijui kipi kilikuwa zaidi.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Bi Nyemo alikuwa ameweka vigoda viwili uani, ubavu kwa ubavu.

"Pale Jumbani ni mizunguko miwili, basi," alisema. "Nataka anipeleke nyumbani."

"Kongwa?"

"Kongwa. Ngoja nichukue mkoba."

Nikamtazama Sikitu. "Unaweza?"

"Sijui. Nikiacha kufikiria, naweza."

Alizunguka vigoda vile mara moja, akapiga teke hewa mahali panne. Akakaa cha kulia. Bi Nyemo akakaa cha kushoto, akapakata mkoba, akajifunika kitenge magotini kwa ajili ya upepo. Mkono wa Sikitu ukazungusha ufunguo usiokuwepo. Akainamisha kichwa kusikiliza. Kisha mguu, kisha ule mkono wa kushoto, kwenye gia ya shingoni mwa usukani, ukavuta kwake na kushusha.

Mimi nilikaa mkekani na katani yangu, nikisuka ili nisione. Nikaona.

Walikwenda kama watu wanaokwenda. Hakuna aliyesimama. "Hapa Dakawa," Bi Nyemo alikuwa akisema, na Sikitu tayari amepunguza, kwa sababu ya daraja. "Dumila. Siku hizi nyanya zao si kitu." Kulikuwa na mahali Sikitu alipinda ghafla kukwepa shimo, na bibi akashika pembe ya kigoda na kusema, "Shimo hilo! Lilizibwa mwaka aliozaliwa mwanangu Mazengo!" Akacheka hadi machozi. Saa mbili na zaidi zilipita. Kwenye mlima Sikitu alirudisha gia, akarudisha tena, mgongo umeegemea mbele kama anayelisaidia gari kupanda.

Mlima ulipokwisha, aliachia mafuta. Kiganja chake kikabonyeza katikati ya ule usukani, mara mbili, fupi. Akanyanyua vidole viwili. Uso ukageuka kulia, ukatabasamu upande mmoja, tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwa mtu wa ukoo wangu. Ukabaki hapo kwa muda wa kupita nyumba tatu. Kisha akakanyaga klachi, akaendelea.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Gairo," alisema Bi Nyemo. Alikuwa ameacha kucheka. "Rudi."

Sikitu hakurudi. Hakuna mazoea ya kurudi.

"Rudi nyuma, nimesema. Ulikuwa unampigia nani?"

"Sijui, bibi," alisema Sikitu, na mikono yake haikuacha usukani. "Sina mtu. Nina mkono tu unaojua kwamba hapa unapiga."

"Mimi nimepanda gari hilo. Mara ngapi nimepanda! Gairo hakuwa akipiga honi."

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema barabara ina mbuzi, ina watoto, ina marafiki. Nilikuwa nimeishika katani kwa vidole vyangu vinavyojua kusuka, na mbele yangu vya mwanangu vimeshika hewa.

Nikasema, "Labda siku ulizokuwemo wewe."

Sikumwomba chochote. Ni maneno manne tu.

Bi Nyemo alikunja kitenge chake pande mbili, pande nne. "Miaka thelathini na nane," alisema, "namfulia mashati yana vumbi la Gairo. Nalijua kwa rangi. Nikimuuliza, anasema alisimama kunywa maji." Aliinuka. Mkoba ulianguka, hakuuokota. "Mfuteni. Mfuteni, aende akampigie honi huyo huyo huko aliko."

Pindo la khanga yangu likawaka kijani.

*

Tulifika Jumbani saa saba mchana. Bwana Mgaya aliitazama ile taa, akaniuliza bibi alikuwa katika hali gani alipolitamka. Nikamwambia alikuwa amesimama. Hakuuliza tena.

Glovu mbili. Dakika kumi. Sikitu alitazama ukutani.

"Unasikiaje?" nilimuuliza.

"Kama mikono imenawishwa," alisema.

Asubuhi yake, nafungua kibanda, Bi Nyemo alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa na kitenge kile kile.

"Nimewaza," alisema. "Pale mlima unapokwisha palikuwa na mziba pancha, kipofu. Alikuwa akikaa juu ya tairi. Madereva wote walimpigia honi, ndiyo salamu yake."

"Inawezekana, mama."

"Lakini kipofu hanyanyuliwi vidole."

"Mtu hunyanyua tu. Mkono umezoea."

"Hata mimi nimesema hivyo. Ila lile tabasamu. Nikiliona tena mara moja nitajua, tabasamu la kumtazama mwanamume nalijua na la mwanamke nalijua. Jana nilishtuka, sikutazama vizuri. Mlete akae, si lazima tutoke Morogoro, aanzie pale mlimani tu."

Nilikuwa na kitana mkononi. Nikakiweka chini.

"Alishafutwa."

"Lini?"

"Jana. Saa saba."

Alihesabu. Kutoka Mafiga, kupita hapa, kufika kule.

"Hukupitia hata nyumbani."

"Sikupitia."

Sikitu alikuwa kwenye kona na kipande cha katani, misokoto mitatu, anahesabu kwa sauti ya chini: wa kulia juu ya wa kati, wa kushoto juu ya wa kati. Bi Nyemo alimtazama. Bega lilikuwa limenyooka.

"Basi sitajua," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Akashuka kibandani, akaenda zake, hataki kushikwa mkono.

Ni miezi sita sasa. Kufutwa kulimtoa mgeni, hakukumrudisha mwenyeji. Alichopoteza Sikitu hakijarudi, anajifunza upya. Misokoto mitatu anaiweza, nywele ndogo ndogo bado. Anaandika kwa herufi kubwa. Akitaka kucheka anafunga mdomo kwanza, kama anayengoja kuambiwa acheke vipi. Pijo wameiondoa kwenye zamu. Watengenezaji wanasema wameongeza umri wa kipimo. Bado wanapima kwa salamu.

Wazazi, ya kuepuka ni haya:

Usimwache mtoto akae kwenye kiti chenye ganda, hata akiambiwa limezimwa.

Asishike usukani kwa kiganja kitupu.

Asiijibu sauti isiyo na mtu, hata ikimwita mjukuu.

Usimwachishe adabu kwa ajili ya mashine. Nilijaribu wiki mbili, akawa hamwamkii mtu, na hiyo ni hasara nyingine. Mwambie atazame kwanza kama kuna mzigo na kama kuna aliyeubeba.

Usicheke ukiona jiwe nyuma ya kigoda.

Usingoje siku kumi na moja. Usingoje hata mbili.

Usikubali kubeba kile kifungo kwenda nyumbani kwa mtu mwenye msiba. Wakikupa, waachie mezani.

Usimtupie mtu aliyeumia neno ambalo unajua litaangukia wapi.

Neno la hasira usilitumie siku ile ile. Lilaze, hata kama mwanao anaisha mbele yako. Hili naliandika, na nikirudishwa uani kwa Bi Nyemo leo, nitalivunja tena.